Lengo Kuu: Kumshinda Njeru

Acha niisimulie mwenyewe, kwa sababu nikinyamaza mtaisikia kwa mtu mwingine na ataiongezea chumvi, na hii yangu haihitaji chumvi, iko nayo ya kutosha. Aibu niliyoipata Mitunguu siku ya jubilei ya wakwe zangu imeshafika hadi Mikinduri, ambako mimi sina hata binamu. Juzi tu mteja mmoja wa huko ameingia dukani kwangu kutafuta cheni ya pikipiki, nikampa, akaishika, akaniangalia, akaiangalia tena ile cheni, halafu akaniuliza kwa heshima zote, "Samahani, wewe si ndiye yule mkwe wa simu?" Nikasema ndiyo. Ningesema nini, na jina langu lilitangazwa kwa spika watu wote wakisikia?

Mimi ni Mwenda, nauza vipuri vya pikipiki mjini Meru, na nimemuoa Kagwiria, binti wa kwanza wa Mzee M'Ikiara wa kule Mitunguu. Binti wa pili anaitwa Makena, na huyo ameolewa na Njeru, mtu wa Embu. Sasa angalieni vizuri mpango ulivyo: mimi ndiye mkwe wa kwanza, mimi ndiye niliyeingia lile boma nikitetemeka wakati hakuna mkwe mwingine wa kunionyesha mahali pa kuketi, mimi ndiye niliyesaidia kuezeka ile nyumba ya mabati mnayoiona. Njeru alikuja baadaye akakuta paa liko juu, chai iko mezani, akaketi.

Na si kwamba Njeru ni mtu mbaya. Hiyo ndiyo shida. Angekuwa mlevi ningempenda sana. Lakini Njeru anafanya kazi ya ofisi Embu mjini, anaongea kwa sauti ya chini, anafika mapema kuliko alivyosema, na viatu vyake havishiki matope (nimevichunguza, jamani, mahali pale pale ambapo vyangu vinatoka vimevaa udongo hadi kwenye kamba, vyake vinatoka vinang'aa). Anakumbuka jina la dawa ya presha ya Mama, mama mkwe wetu. Mimi nakumbuka tu kwamba ni tembe nyeupe.

Lakini kilichokuwa kinanikata maini hasa ni koti. Njeru akipiga simu kusema anakuja, Mzee anaingia chumbani na kutoka amevaa koti lake la kijivu, amekaa wima kama mtu anayengoja kupigwa picha. Mimi nikifika, Mzee yuko na fulana, redio iko sikioni, ananiambia, "Ah, ni wewe. Kuna ndizi jikoni." Miaka yote! Sijawahi kuvaliwa koti hata siku moja. Nikimwambia Kagwiria, anasema, "Baba Muthomi, koti la mzee linakuhusu nini?" Basi nikaacha kusema, nikawa nalimeza tu, likawa linakua huko ndani.

Mapema mwaka huu Mama alifanyiwa upasuaji, akapona, Mungu ni mwema, na Njeru akajitolea kupanga maombi ya shukrani. Ile siku mimi nilienda nikiomba kimoyomoyo mvua inyeshe. Haikunyesha. Chai ilikuwa moto, wageni walijua pa kuketi, mchungaji alimaliza mapema (mchungaji yule! mtu ambaye akianza kuomba unaweza kwenda sokoni ukarudi), hata maji ya kunawa yalikuwa vuguvugu. Kila mtu anasema Njeru, Njeru. Kagwiria wangu mwenyewe, akiwa ameshika sahani ya pilau, akaniambia, "Umeona mtu anavyopanga vitu?" Nikasema nimeona.

Kwa hivyo tulipokutana kupanga jubilei, kwa sababu wazee wanatimiza miaka hamsini ya ndoa na wanataka ibarikiwe tena, na Mzee akauliza nani ataisimamia, na macho yote yakageuka upande wa Njeru kama alizeti, mimi nikasimama. Sikuwa nimepanga kusimama, miguu ilisimama yenyewe. "Nitapanga mimi." Makena akakohoa. Kagwiria, ambaye anajua kwamba mimi nilisahau harusi ya ndugu yangu mwenyewe hadi nikapigiwa simu, akaangalia sakafu. Mzee akasema, "Haya. Ni vizuri."

Tukitoka nje Njeru akanifuata pale kwenye migomba, akaniambia kwa ile sauti yake, "Baba Muthomi, kazi kubwa kama hii usiibebe yote kwa kichwa. Mimi ile ya Mama nilitumia akili bandia, ile ya kuongea nayo kwa simu. Unaifungulia mradi mmoja, unaiambia lengo, unaweka maelekezo ambayo haisahau, halafu inakugawanyia kazi vipande vipande, leo hiki, kesho kile."

Sijui kama mtanielewa nikisema kwamba nilifurahi kuliko siku niliyooa. Kumbe si akili yake! Kumbe ni simu! Na simu si hata mimi ninayo? Nikamshukuru, nikampiga begani, na kabla hajafika kwa gari lake mimi nilikuwa nishaanza kuipakua ile programu.

Sasa hapa ndipo uamuzi mdogo ulipofanyika, ule ambao ningepewa nafasi ningeufuta na kifutio. Niko dukani asubuhi, hakuna wateja, nimefungua mradi nikauita Jubilei, na ile programu ikaniuliza swali la kawaida kabisa: lengo kuu la sherehe hii ni nini? Nikaangalia nje, nikaangalia nyuma ya kaunta, nikaona niko peke yangu na mataili. Nikaandika: Kumshinda Njeru. Ikaniuliza Njeru ni nani. Nikaeleza. Nilieleza sana, jamani, nilieleza hadi kidole kikachoka. Halafu pale kwenye maelekezo ya kudumu nikaandika: kila ukinijibu, kwanza kumbuka Njeru alifanya nini, halafu yetu iwe kubwa zaidi.

Ikajibu kwa adabu kwamba imeelewa, na ikasema huenda ingefaa pia kuwauliza wazee wenyewe wangependa siku yao iwe vipi. Nikaandika: endelea.

Na ikaendelea! Lazima niseme ukweli, ile kitu inajua kazi. Sherehe ambayo kwangu ilikuwa kama mlima mmoja wa kutisha, ikaivunja ikawa vilima vidogo: wiki hii tafuta tenti, wiki ijayo ongea na mpishi, usisahau vyoo, usisahau maji ya kunywa, nani atawapokea wageni wa kutoka Embu. Kila asubuhi naifungua, inaniambia tumefika wapi na kimebaki nini. Nikaanza kujiona msimamizi. Nikaanza kutembea na kalamu sikioni. Lakini mimi katika kila jibu nilikuwa nasoma sehemu moja tu, ile inayosema Njeru alifanya hivi, wewe fanya hivi. Njeru alikuwa na tenti ya kawaida, mimi nikaitisha ile kubwa ya mikutano ya injili. Programu ikauliza, je, umepima uwanja, itaingia? Nikaandika itaingia. Je, kuna bomba au nyaya chini ya ardhi mahali vyuma vya tenti vitapigwa? Nikaandika hakuna. Sikuwa nimeuliza mtu. Mitunguu! Mahali ambapo kila shamba linanyweshwa kwa bomba, mimi naandika hakuna.

Njeru alikuwa amekodi kijana wa muziki na mitambo yake. Mimi nikasema muziki wote utatoka kwa simu yangu moja kwa moja, kwa blututhi, hadi kwa spika kubwa, nikiwa popote, nikibonyeza tu. Programu ikashauri awepo mtu mmoja wa kusimamia sauti. Nikaliruka hilo.

Halafu kuna jambo moja ambalo sikumwambia mtu yeyote, na sasa wilaya nzima inalijua. Wateja wakiwa wachache nilikuwa naongea na ile programu kwa sauti mambo mengine. Ilianza polepole. Nikaiambia habari ya koti. Ikasema pole, inaonekana jambo hilo linakuumiza. Sasa niambieni, nani mwingine alikuwa ameniambia pole kuhusu lile koti? Basi nikaendelea. Nikaiambia mambo ya Mzee, ya Kagwiria na ile sahani yake ya pilau, na viatu. Nikaiambia hata viatu.

Siku moja kabla ya sherehe watu wa tenti wakaja, wakaangalia uwanja, wakaangalia tenti, wakacheka. Haikuingia. Ili iingie ilibidi safu moja ya migomba iondoke. Nikaenda kwa Mzee, yuko na fulana na redio kama kawaida, nikamwambia, "Mzee, ni migomba kidogo tu." Akaiangalia kwa muda mrefu, mikungu ilikuwa imeanza kuinama. Akasema, "Hiyo ilikuwa inazaa." Mimi nikapima safu kwa macho. Akasema, "Kateni basi. Ni siku yenu." Hata hilo neno yenu sikulisikia vizuri siku ile, nilikuwa nawaza Njeru atakavyoshtuka akiona tenti.

Na akashtuka, nakubali. Siku yenyewe alifika mapema na Makena, akasimama kwenye lango, akainua kichwa akaiangalia ile tenti yote, akasema, "Baba Muthomi! Umefanya kazi." Hiyo nusu saa ndiyo nzuri zaidi ya mwaka wangu. Wageni wakaja, kutoka Nkubu, kutoka Meru mjini, gari la watu wa Embu likaingia, kwaya ikavaa majoho, nikabonyeza simu, muziki ukatoka kwa spika wazi kabisa, wazee wakaingia wameshikana mikono, Mama na kitambaa cheupe kichwani, Mzee na lile koti la kijivu (bila shaka, si Njeru alikuwepo). Nikapunguza muziki, mchungaji akachukua maiki. Kagwiria akanipitia na kunishika mkono kidogo. Alikuwa anatabasamu. Nilikuwa nimefika, jamani.

Halafu zamu ya maji ikafunguliwa.

Kule Mitunguu maji ya shamba huja kwa zamu, na zamu ya akina Mzee ni mchana. Hakuna aliyeikumbuka, kila mtu alikuwa kwenye tenti. Kumbe chuma kimoja cha ile tenti yangu kubwa kilikuwa kimepita katikati ya bomba, na mahali chuma kilipigwa ni nyuma ya nyumba, karibu na jiko la nje ambalo Mama Halima alikuwa anapikia. Mama Halima ni mpishi wa pilau, nilimtoa Meru mjini kwa sababu Njeru alipikiwa na akina mama wa kanisa na mimi nilitaka mpishi kamili. Nikasikia akiniita kwa nguvu, nikazunguka nyumba mbio, nikamkuta amesimama juu ya kiti na mwiko mkononi.

"Baba Muthomi, jiko linaogelea!"

Na lilikuwa linaogelea kweli. Maji yanaruka kutoka ardhini kama chemchemi, kuni zinaelea, moto umezimika, masufuria yamekaa katikati ya ziwa, na yale matope mekundu yanaanza kuteremka polepole kuelekea kwenye tenti.

"Pilau imeiva?" nikauliza.

"Imeiva wapi! Mchele bado una moyo. Na hiyo nyama ndiyo hata usiniulize!"

Nikajaribu kuziba kwa mikono, nikalowa hadi kifuani. Nikajaribu kwa gunia, likaruka. Mikono imejaa matope, siwezi kuandika, nikatoa simu mfukoni, nikabonyeza pale pa kuongea nayo kwa sauti, nikasema, "Bomba limepasuka, jikoni kumefurika, chakula hakijaiva, wageni wamekaa, nifanye nini?" Nikaweka simu sikioni.

Kimya. Jenereta iko hapo pembeni inanguruma, nikadhani ni hiyo inanizuia kusikia. Nikaongeza sauti ya simu. Bado kimya. Nikaongeza hadi mwisho. Nikapiga kelele, "Sema! Nifanye nini Njeru asinicheke?"

(Mnajua tayari. Mimi ndiye nilikuwa wa mwisho kujua.)

Nilichokiona kwanza ni uso wa Mama Halima. Aligeuka akaangalia upande wa tenti, mwiko ukashuka polepole. "Baba Muthomi," akaniambia, "ni nani huyo anakutaja kule?"

Nikaenda hadi pembe ya nyumba. Mbali kidogo na jenereta nikaisikia, ile sauti laini niliyoizoea, sauti ya dukani, lakini sasa ni kubwa kama ya mkutano wa hadhara, inatoka kwa spika zote mbili, na chini yake mchungaji amesimama na maiki mkononi, mdomo wazi, na wazee wawili wameshikana mikono katikati ya kiapo.

"Pole sana, Mwenda. Usiwe na wasiwasi. Kwa kuwa lengo kuu la sherehe hii ni kumshinda Njeru, tuanze kwa kukumbuka kwamba kwenye sherehe ya Njeru chakula kilikuwa tayari kwa wakati na hakukuwa na mafuriko."

Kuna mtu wa Embu aliyecheka. Mmoja tu, halafu akajizuia.

"Hatua ya kwanza, fungeni maji kwenye valvu. Hatua ya pili, wape wageni vinywaji. Kuhusu hofu yako kwamba Njeru atakucheka, naelewa. Uliniambia inakuumiza kwamba baba mkwe huvaa koti Njeru anapokuja, na wewe hukupokea na fulana. Pia uliniambia unaamini Kagwiria angefurahi zaidi kuolewa na mtu wa aina ya Njeru. Hisia hizo ni za kawaida. Ungependa tuzizungumzie kwanza, au tuanze na bomba?"

Nilibonyeza. Nilibonyeza kila mahali, lakini vidole vina matope na kioo kimelowa, simu ikakataa, ikafungua kamera, ikafungua tochi, na ile sauti ikauliza tena kwa upole, "Mwenda, bado upo?"

Bado nilikuwepo. Ningekuwa na uwezo ningekuwa mji wa Maua, mbali kabisa na hapo.

Aliyekuja ni Njeru. Alitembea kutoka kwenye tenti hadi pale nilipo, watu wote wakimwangalia, akanichukua simu mkononi, akaipangusa kwa shati lake jeupe, akazima blututhi, akanirudishia. Akavua viatu, akakunja suruali hadi magotini, na kukunja kwenyewe kulikuwa sawa pande zote mbili, akauliza, "Valvu iko wapi?" Nikamwonyesha chini kwenye mtaro. Akaenda mbio peku peku katikati ya migomba, na niwaambie ukweli ambao hata yeye simwambii: nikiwa nimelowa hivyo, nimeaibika hivyo, nilimwangalia akikimbia nikasema moyoni, hata kukimbia anakimbia vizuri.

Maji yakakatika. Mama Halima akahamisha masufuria, akina mama wa kanisa wakaacha viti vyao wakaja kuwasha moto upande mwingine bila kuitwa. Mimi nikabaki pale nikiangalia miguu yangu. Kagwiria sikumwona. Nilisikia tu mtu akisema amekwenda nyuma ya zizi.

Ndipo nikasikia Mzee kwenye maiki. Mzee M'Ikiara hapendi maiki, huishika mbali kama nyoka, lakini siku ile aliisogeza. "Mwenda," akasema. "Njoo hapa." Nikaenda. Mjue kutembea katikati ya watu waliokaa, ukidondosha maji, viatu vinalia chwa chwa, na hakuna anayekohoa, ni safari ndefu. Njeru naye alikuwa amerudi, amesimama kando na miguu ya matope.

Mzee akaniangalia. Akampa Mama ile maiki amshikie, akavua koti. Polepole, mkono mmoja, mkono wa pili. Akalikunja, akaliweka kwenye kiti. Chini yake alikuwa na shati kuukuu lenye kola iliyochoka. Akachukua tena maiki.

"Hili koti linanibana kwapani," akasema. "Nalivaa mgeni akija, kwa sababu mgeni ataenda kusema alichokiona. Sasa wewe, Mwenda, unakuja hapa unaingia jikoni unafungua sufuria kabla hujanisalimia. Unalala kwa kiti changu na mdomo wazi. Nikuvalie koti, kwani wewe ni mgeni?"

Watu wakacheka, lakini hakikuwa kile kicheko cha kuua. Mama akacheka hadi kitambaa kikashuka. Mimi nikajipangusa uso kwa mkono uleule wa matope.

Na hapo Njeru, yule Njeru ambaye sijawahi kumsikia akiongea kabla hajaulizwa, akasema kutoka pale pembeni, "Sasa mimi, Mzee, nimengoja utoe hilo koti tangu nioe." Alijaribu kuisema kama mzaha. Sauti haikukubali. "Nikifika Baba Muthomi anatumwa kuni, anatumwa maji, anatukanwa. Mimi napewa kikombe chenye sahani yake."

Jamani. Alikuwa ananionea wivu. Mimi! Kwa kutumwa kuni!

Mzee akasema, "Basi enda uzoe yale matope jikoni." Na Njeru akaenda, na nimewahi kuona watu wakipewa gari wasifurahi hivyo. Kabla sijamfuata Mzee akanishika kiwiko, bila maiki sasa, akaniambia sikioni, "Migomba yangu utapanda. Yote. Na si kwa simu."

Sherehe iliendelea, kiapo kikaanza upya, pilau ikaliwa jioni ikiwa na moyo kidogo na hakuna aliyelalamika, kwaya ikaimba bila spika. Ukiniuliza, ndiyo sehemu iliyokuwa nzuri zaidi, na mimi sikuwa nimeipanga.

Lakini Kagwiria. Kagwiria hakuniongelesha njia nzima hadi Meru. Nilidhani ni aibu, nikajiandaa kuomba msamaha kwa ajili ya aibu. Kesho yake asubuhi nikiwa nje naosha viatu akatoka na kikombe cha chai, akasimama.

"Ile simu," akaniambia, "unaiambiaga hayo mambo tangu lini?"

"Ni ya kupanga sherehe tu, Mama Muthomi."

"Hapana. Hayo mengine. Ati mimi ningefurahi nikiolewa na nani." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi nikikuuliza uko aje, unaniambia uko sawa. Kila siku uko sawa. Nikadhani huna maneno, nikasema ni sawa, nimeolewa na mtu hana maneno. Kumbe unayo! Kumbe unayapeleka huko!"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho, kwamba wakati mimi ninamwonea wivu Njeru, na Njeru ananionea mimi, mke wangu alikuwa amekaa na wivu wa simu. Nikaacha brashi. Nikamwambia habari ya ile sahani ya pilau. Nikamwambia habari ya viatu vya Njeru, vile vinavyong'aa, na akajaribu kubaki na hasira, akashindwa, akamwaga chai.

Sijaifuta ile programu, msidhani nimeapa kurudi porini. Kazi ikiwa kubwa bado naigawanya nayo vipande vipande. Juzi imenisaidia kuhesabu na kupanga stoo yote ya duka, na pale pa lengo niliandika kupanga stoo, basi, nikaweka kituo kikubwa. Nimeapa kwamba wivu wangu sitauandika tena mahali popote penye umeme.

Wiki iliyopita Makena alipiga simu kusema Njeru amepandishwa cheo huko ofisini Embu. Nikampongeza kwa sauti nzuri kabisa. Nikaweka simu chini, nikaingia jikoni. Kagwiria alikuwa anasukuma chapati, mgongo umenielekea.

"Mama Muthomi," nikamwambia, "nina wivu."

Hakugeuka. Akavuta stuli kwa mguu, akaisukuma upande wangu.

"Wa Njeru?" akauliza. "Kaa. Anza."